Nitie nini ndani ya katriji ya vepu? Sponji ya godoro imenitoa machozi

fundi_wa_ghorofani (Jumatano, saa 11 jioni)

Wakuu, habari za jioni. Naandika nikiwa kibandani, ghorofa ya pili hapa katikati ya Kampala. Mvua imekamata mji, mteja hapandi ngazi wala hashuki, kwa hiyo nina nafasi ya kueleza jambo hili tangu mwanzo.

Mimi ni fundi simu, na ni mvutaji wa siku nyingi. Kaka yangu aliporudi kutoka Uarabuni aliniletea sigara ya umeme, yaani vepu, ile ya kizamani yenye vipande vitatu: betri, atomaiza ambayo ndiyo jiko lenyewe, na katriji unayoitia mdomoni. Alikuja na katriji kumi. Zimekwisha. Huku kwetu huingii dukani ukaomba nyingine, na sababu mnaijua.

Nikajiambia, mimi si fundi? Nikachukua pini, nikavuta nyama ya ndani ya katriji moja nione ni kitu gani. Zikatoka nyuzi nyeupe, nyepesi, kama zile zinazotoka mwanasesere akipasuka tumbo. Upande wa mdomoni zilikuwa bado nyeupe. Upande uliokuwa ukigusana na jiko ulikuwa kahawia, na ncha yenyewe imeganda, ukiigonga mezani inalia. Nikainusa: harufu ya mkono wa sufuria ulioshika moto. Hiyo ndiyo niliyokuwa nikivuta wiki nzima.

Nikaitupa. Badala yake nikakata sponji ya godoro, kipande cha ukubwa wa haragwe, nikakisokomeza, nikadondoshea maji ya vepu. Siku ya kwanza, tamu. Siku ya pili uchungu ukaanza kwenye ulimi. Siku ya tatu usiku nikakohoa mpaka mama watoto akahamia chumba cha watoto, kifua kikawa kama nimeshinda jikoni kwenye kuni mbichi. Tangu Jumapili sijagusa.

Swali langu basi: ndani ya katriji nitie nini? Jirani wa kibanda cha pili anasema pamba. Mwingine anasema utambi wa jiko la mafuta ya taa. Wa tatu anasema chukua kichungi cha sigara, si kilitengenezwa kwa ajili ya mapafu? Naomba mwenye kujua, si mwenye kubahatisha.

---

boda_wa_ntinda

Banange! Sasa ssebo umemaliza sigara umehamia godoro. Ukimaliza godoro utavuta kitanda?

Halafu simu yangu iko kwako tangu Jumanne ya wiki iliyopita.

---

sheria_kidogo

Kabla hamjafika mbali. Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya 2015, iliyoanza kufanya kazi tarehe 19 Mei 2016, imepiga marufuku sigara za kielektroniki Uganda. Si kuuza tu. Kuingiza nchini, kutengeneza, kusambaza, vyote vimo, pamoja na shisha na tumbaku ya kutiwa ladha. Kampuni ya sigara ilikwenda Mahakama ya Katiba kuipinga sheria hiyo, na mwaka 2019 ikashindwa.

Sisemi hivi kumtisha fundi. Nasema kwa sababu marufuku hiyo ndiyo inayozaa swali lake: kitu kisichouzwa dukani hakina wa kukikagua, kwa hiyo kila mtu anajipikia chumbani. Na wewe fundi, ukianza kujaza katriji za wenzako kwa hela, umekuwa mtengenezaji. Usije ukasema hukuambiwa.

---

dada_wa_famasi

Kaka fundi, pole na kifua. Kwanza, kama leo bado unakohoa au unahema kwa shida ukipanda hizo ngazi, nenda ukapimwe, na umwambie daktari ukweli kwamba umevuta moshi wa sponji. Usimwambie ni mafua. Atakutibu mafua.

Sponji ya godoro ni poliyurethani. Ikipata moto wa kutosha inavunjika na kutoa isosayanati, na ikiungua hasa hutoa hata sianidi. Hii ni sababu mojawapo kwamba nyumba ikishika moto watu huanguka kwa moshi kabla moto haujawafikia: godoro limeshafanya kazi yake. Isosayanati mafundi wa rangi za magari wanaijua bila kuijua jina. Ile rangi ya kuchanganya na hadena, dawa ya kuikausha, ukiipulizia bila kinyago cha maana, unaweza kutoka gereji na pumu ambayo hukuzaliwa nayo. Wewe ulikuwa ukiichemsha sentimita chache kutoka kwenye meno.

Zile nyuzi nyeupe za kiwandani ni poliesta, ndugu wa chupa za soda. Nataka uangalie hesabu hii kidogo. Poliesta huyeyuka kwenye nyuzi joto 250 hadi 260 hivi. Maji ya vepu ni mchanganyiko wa propileni glikoli, inayochemka kwenye 188, na gliserini, inayochemka kwenye 290. Maana yake, majimaji yakiwa karibu gliserini tupu, poliesta inayogusa waya inaweza kuyeyuka kabla gliserini haijachemka. Ile ncha ngumu iliyolia mezani ni plastiki iliyoyeyuka ikaganda. Haikuwa uchafu.

Vilevile sponji ya kuoshea vyombo usiguse. Nyingine zimetiwa dawa ya kuua vijidudu, na pakiti haisemi ni dawa gani.

---

fundi_wa_ghorofani

Asante dada. Kikohozi kimepungua, lakini ngazi nazihisi. Nitakwenda.

Ila nina swali la kifundi. Pamba nayo si inaungua? Tena inashika moto upesi kuliko sponji. Kwa nini watu wanasema pamba ni afadhali?

---

mzee_wa_bombo

Kijana, wewe hukukulia kwenye taa ya chemli, naona.

Utambi wa taa ni pamba. Unawasha jioni, unazima saa nne usiku, kesho hivyo hivyo, na utambi mmoja unakaa miezi. Kwa nini hauishi? Kwa sababu kinachoungua ni mafuta. Utambi kazi yake ni kuyapandisha tu. Maadamu umelowa, mafuta yanaondoka na joto, nao unabaki salama. Siku mafuta yanapokwisha na mwanamke wa nyumba amesinzia, ndipo utambi wenyewe unaanza kuwa mkaa na chimni inakuwa nyeusi. Marehemu mama yangu alikuwa akisikia harufu hiyo akiwa usingizini anaamka.

Katriji ni hivyo hivyo. Sufuria ya maharage yenye maji haipiti moto wa maji. Maji yakikauka, hata sufuria nzuri kuliko zote inaunguza. Kwa hiyo usiulize tu kitu gani hakiungui. Uliza: siku majimaji yatakapokauka nami bado nanyonya, kitu hiki kitageuka kuwa nini? Pamba itakuwa mkaa na harufu ya karatasi ya kuungua, utatema mwenyewe. Plastiki itayeyuka kimya kimya na wewe utaendelea kuvuta, labda ladha imebadilika kidogo.

---

dada_wa_famasi

Mzee amemaliza, mimi ninyamaze.

Niongeze kimoja tu. Hata majimaji yenyewe yakipashwa kupita kiasi kwenye utambi mkavu yanaharibika. Gliserini inatoa akrolini, ule moshi wa kuchoma macho unaoujua ukisahau mafuta ya kukaangia jikoni. Propileni glikoli inaweza kutoa formaldehidi, ile dawa ya kuhifadhia maiti. Kwa hiyo pamba safi haikukingi na kila kitu. Inakuondolea tatizo moja kati ya kadhaa.

---

tanga_hadi_kampala

Na sufi je? Nyumbani Tanga mito yote tulijaza sufi, ni kitu cha mti, hakina kiwanda wala dawa. Huku Uganda pia misufi nimeiona.

---

fundi_wa_ghorofani

Dada wa Tanga, hilo sikulifikiria. Kuna mtu amejaribu?

---

pamba_ya_lira

Mimi nimefanya kazi jineri, kiwanda cha kuchambua pamba, misimu sita huku Lango, nijibu la sufi na la pamba kwa pamoja.

Sufi ina nta juu ya kila uzi. Ndiyo maana zamani ilijazwa kwenye maboya ya kuokolea watu majini: inaelea, hailowi. Chukua kidonge cha sufi ukitupe kwenye bilauri ya maji, kitakaa juu kama bata. Sasa kitu kinachokataa maji kitawezaje kubeba majimaji yako hadi kwenye waya? Kitakaa kikavu, nacho kikavu kinashika moto kama petroli. Sufi ibaki kwenye mto, dada yangu.

Na pamba usichukue ile ya jineri, wala ya shambani, hata kama ni BPA, mbegu yetu ya pamba ya Bukalasa ambayo tunajivunia. Pamba mbichi nayo ina nta na mafuta yake, nayo haipokei maji vizuri. Ina vumbi, vipande vya mbegu, majani, na dawa ya wadudu iliyopigwa shambani. Mimi nalijua vumbi hilo kwa kifua changu. Tulikuwa tukipumzika Jumapili, Jumatatu tukirudi kazini kifua kinabana, jioni unahisi kama mtu amekaa juu yako. Kufika Ijumaa umezoea. Wazee wa pale waliita ugonjwa wa Jumatatu. Baadaye daktari akaniambia una jina, bisinosisi, na kwamba wanaoupata ni watu wa viwanda vya pamba na katani. Kwa hiyo nikisikia mtu anasema pamba ni kitu cha asili haiwezi kudhuru, nacheka, halafu nakohoa.

Pamba ya kutumia ni ile iliyochemshwa na magadi makali kiwandani nta ikatoka, ikapaushwa, ikaoshwa. Ndiyo pamba ya hospitali.

---

dada_wa_famasi

Sahihi. Na kuna kipimo ambacho hata vitabu vya dawa wanakitumia: pamba ya hospitali ukiiweka juu ya maji inatakiwa izame ndani ya sekunde 10. Ikielea, nta haijatoka vizuri au imechanganywa na kitu. Sisi famasini tunauza rola ndogo kwa bei ya rolex, ile chapati ya mayai, kwa hiyo hakuna sababu ya mtu kukata godoro lake.

Soma pakiti. Iandikwe pamba asilimia 100. Vile vidonge vya rangirangi vya kupakulia vipodozi, vya waridi na vya samawati, mara nyingi si pamba bali ni poliesta. Na vile vilivyotiwa manukato au losheni, usithubutu. Ukikuta pakiti inasema pamba na viskosi, si mbaya, viskosi nayo asili yake ni mti, haiyeyuki.

---

boda_wa_ntinda

Na pedi? Mke wangu anazo nyingi.

---

dada_wa_famasi

Ziache zifanye kazi yake. Ndani ya pedi kuna tabaka za plastiki, gundi, na punje zinazofyonza maji zikawa kama uji mzito. Hizo punje hutaki zikauke karibu na waya wa moto.

---

mekanika_jinja

Nyie mnazunguka. Mimi nilikuwa nafanya kazi kwenye bekari moja kongwe, milango ya oveni ina kamba nyeupe pembeni ya kuzuia joto. Ile haiungui hata ukiipiga gesi. Kata kipande, tia ndani, umemaliza maisha yote.

---

mzee_wa_bombo

Umesema vizuri: umemaliza maisha yote.

Kamba hiyo kwenye oveni za zamani mara nyingi ni asbesto. Ni kweli haiungui. Inachofanya ni kupasuka kuwa sindano ndogo ambazo jicho halizioni, zinaingia kwenye mapafu na hazitoki. Unaishi miaka ishirini au thelathini ukidhani umeponyoka, halafu saratani inakuja. Usiikate, usiiguse, na huko bekari waambie waache kuichezea.

Na kwa kuwa najua kuna mtu atauliza, ile soksi nyeupe ya karabai nayo usiichukue. Za zamani zilitiwa thori ili zing'ae, na thori ina mnururisho. Kuining'iniza sebuleni si sawa na kuivuta.

---

mekanika_jinja

Eh. Nimekaa na kamba hiyo sandukuni miaka mitatu.

---

dada_wa_famasi

Ilowanishe maji isitoe vumbi, uitie kwenye mfuko wa nailoni, ufunge, mfuko mwingine juu yake, ufunge tena. Usifagie hilo sanduku likiwa kavu. Pangusa kwa kitambaa kibichi, na kitambaa nacho kiingie mfukoni. Usiutupe kwenye takataka za nyumbani, waulize watu wa mazingira wa manispaa wapi unapelekwa.

---

fundi_wa_ghorofani

Utambi wa jiko la mafuta ya taa je? Nimeununua tayari, uko mezani. Una weupe wa kung'aa, na chini umefumwa kama mkanda.

---

mzee_wa_bombo

Huo unaong'aa ni nyuzi za kioo. Juu kioo, chini pamba, ndivyo wanavyofuma siku hizi. Ushike kwa vidole halafu ujikune shingo, utaniambia. Kinachowasha shingo hakifai koo.

---

pamba_ya_lira

Kwa haki, kuna utambi wa silika, madini ya mchanga, ambao watengenezaji wa vepu waliutumia miaka mingi, kamba nyeupe nyembamba inayozungukwa na waya. Unastahimili joto kuliko pamba. Ila hofu iko palepale: ukiukata au ukichakaa, vipande vidogo vinakatika. Wengi waliokuwa nao wamehamia pamba. Na ule wa jiko umepakwa gundi ili usifumuke, gundi ya nini hakuna anayejua.

---

fundi_wa_ghorofani (Jumamosi, saa 2 usiku)

Nimerudi, na nimekwenda kupimwa. Mapafu hayana maji, koo na mirija imewaka, nimepewa dawa ya kuvuta kwa siku tano. Daktari alipoandika "sponji ya godoro" alinyanyua macho mara mbili.

Kwa kuwa sivuti sasa, leo nimefanya majaribio. Nimeweka kigae cheupe mezani, kibiriti, kibano changu cha kushikia vipuri vya simu, na bilauri ya maji. Dirisha wazi, feni inatupa moshi nje. Vitu sita.

Pamba ya famasi: kwenye maji ilizama kabla sijahesabu nne. Kwenye moto ikashika mara moja, mwali wa manjano, harufu ya daftari la shule likiungua. Majivu ya kijivu, ukiyagusa yanapotea.

Zile nyuzi za katriji ya kiwandani: hazikusubiri moto ufike. Zilianza kurudi nyuma, kujikunja, kama konokono uliyemmwagia chumvi. Kisha zikadondosha tone jeusi kwenye kigae, na tone lilipopoa likawa shanga. Kisu hakikuikwangua. Moshi mweusi, harufu tamu ya kichefuchefu.

Kidonge cha waridi kutoka kwenye begi la mama watoto, pakiti imeandikwa "cotton" kwa herufi kubwa: shanga nyeusi ileile! Dada wa famasi, nakuinamia.

Sponji: iliwaka kwa kasi, ikachuruzika, na moshi wake nilipoupata kidogo tu kifua kilikumbuka. Nikaacha hapo.

Mfuko wa chai: karatasi iliungua kama karatasi, lakini ukingo uliobanwa ulijikunja ukaacha mstari mgumu. Kuna plastiki pale ya kuunganishia.

Kichungi cha sigara: nilidhani ni pamba maisha yangu yote. Kiliyeyuka.

---

dada_wa_famasi

Kichungi ni asetati ya selulosi. Mwanzo wake ni mti, mwisho wake ni plastiki, na kimelainishwa kwa triasetini ili nyuzi zishikamane. Kwenye sigara, moto haukifikii kwa sababu unatupa kipisi. Kwenye katriji unakibandika kwenye jiko.

Na jaribio la kigae ni zuri sana, kila mtu anaweza kulifanya. Likiacha shanga, ni plastiki. Likiacha majivu laini na harufu ya karatasi, ni pamba au ndugu zake. Likinuka nywele, ni sufu au hariri. Lisipoungua kabisa, ogopa zaidi.

---

mchungwa_wa_mbale

Pamba nimeweka tangu Ijumaa, lakini haitoi moshi, halafu inaungua. Nimeshindilia vizuri mpaka haiingii tena.

---

pamba_ya_lira

Kushindilia ndiyo kosa. Pamba ikibanwa njia za maji zinafungwa, jiko linakauka huku katriji imejaa. Vuta nyuzi zilale upande mmoja kama nywele zilizochanwa, kata kipande, kisha kiingie bila kusukuma. Ukigeuza katriji isianguke, lakini ukipuliza hewa ipite. Ukiweka kidogo mno nako, majimaji yanakuja mdomoni.

Na hizi za vipande vitatu, pale katikati kuna kidaraja cha wavu wa chuma kinachopokea maji kutoka kwenye katriji. Pamba iguse kidaraja hicho, isipite ikafika kwenye waya wenyewe. Nyuzi moja ikining'inia kwenye waya, hiyo ndiyo inayokuunguza.

Kabla ya yote, chemsha pamba kwenye maji safi robo saa, mwaga, rudia, halafu ianike ndani ya chujio lililofunikwa. Usiianike dirishani. Vumbi jekundu la barabara zetu litakaa humo, nawe utavuta Barabara ya Gulu yote.

---

mchungwa_wa_mbale

Sawa. Na nikiongeza tone la mafuta ya mkaratusi? Kifua changu kinapenda.

---

dada_wa_famasi

Hapana, hapana, hapana. Mafuta ya aina yoyote yasiingie humo: mkaratusi, nazi, karafuu, ya kupikia, ya vitamini. Mapafu hayana njia ya kuyeyusha mafuta, yanabaki humo na kuleta nimonia ya mafuta.

Mnakumbuka Marekani mwaka 2019? Vijana wazima walianza kuingia hospitali hawapumui. Kufikia Februari 2020 walikuwa wamelazwa au kufa watu 2,807, na waliokufa ni 68. Mhusika mkuu alikuwa asetati ya vitamini E, mafuta ambayo watu hupaka usoni na kumeza kama vidonge bila shida, yaliyotiwa kwenye katriji za bangi, nyingi za uchochoroni. Kitu salama tumboni na salama kwenye ngozi, si lazima kiwe salama kwenye mapafu. Pamba hata ikiwa ya dhahabu haitakusaidia kama ulicholowanishia ni mafuta.

Na gliserini nayo. Ile chupa ndogo ya kupaka ngozi, ina manukato. Ile ya dumu isiyo na karatasi, inaweza kuwa na diethileni glikoli, sumu ya figo. Mwaka 2022 WHO ilitoa tahadhari kuhusu dawa za kikohozi za watoto kule Gambia kwa sababu hiyo hiyo.

---

mchungwa_wa_mbale

Nimekitupa kichupa. Kifua kitanisamehe.

---

mwalimu_tororo

Samahani kuingia kwa kuchelewa. Nyumba yenye watoto, yale majimaji ya nikotini yanakaa wapi? Nauliza kwa sababu nimeona mpwa wangu ameyaweka kwenye chupa ya juisi.

---

dada_wa_famasi

Mwalimu, ayatoe leo. Yananukia matunda, mtoto atayanywa, na kiasi kidogo kinaweza kumuua. Hata mkononi yanapenya. Juu, yafungiwe, chupa yenye jina lake.

Na fundi, nikuulize bila kukuhukumu: unataka kuvuta au unataka kuacha? Kwa kuacha kuna vibandiko na jojo za nikotini. WHO iliziweka kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2009. Hazina jiko, hazina utambi. Uliza famasi kubwa, na kama hawana waambie wakuagizie.

---

fundi_wa_ghorofani

Nilianza nikitaka kuacha, katikati nikaanza kupenda ufundi wenyewe. Ndivyo tulivyo. Kutengeneza kulikuwa kutamu kuliko kuvuta.

Nimefungua ile atomaiza leo jioni niisafishe, nikakuta kidaraja kimejaa ile plastiki nyeusi, imeingia mpaka kwenye waya. Nilijaribu spiriti, haikutoka. Nimejaribu kuikwangua na sindano, waya ukakatika. Basi. Sinunui nyingine, na hata ningetaka sina pa kuinunua. Nitaulizia vibandiko Jumatatu.

Rola ya pamba imebaki karibu nzima. Inasafisha bodi za simu vizuri kuliko kitambaa nilichokuwa nikitumia, haiachi nyuzi ukiilowesha spiriti.

---

boda_wa_ntinda

Sasa kama unasafisha bodi, ile yangu umeshaisafisha?

---

fundi_wa_ghorofani

Iko tayari tangu jana, kaka. Pandisha ngazi polepole, mimi kushuka bado siwezi.